Lasix na farasi wa mbio: watu wanavyosema na ilivyo kweli

Kila msimu wa Kentucky Derby, zile mbio za farasi maarufu za Marekani, ukifika naona watu wanaandika eti farasi wa Marekani wote wanakimbia wakiwa wamejazwa madawa, na wengine wanawajibu kwamba hakuna shida yoyote, ni matibabu tu. Wote wanakosea, na anayeumia ni mnyama ambaye hawezi kusema kifua kinambana, ndo maana nimekaa chini kuandika.

Kwanza hiyo dawa yenyewe. Mtu akisikia "dawa ya siku ya mbio" anafikiria stiroidi za kujenga misuli au kitu cha kumpandisha farasi mzuka. Hapana. Dawa inayobishaniwa Marekani ni furosemidi, yaani Lasix, hiyohiyo ambayo bibi yako mwenye presha na miguu iliyovimba anaandikiwa hospitali halafu anashinda njiani kwenda chooni. Farasi anachomwa kwenye mshipa wa shingo kama masaa manne kabla ya mbio, ndoo ya maji inatolewa bandani, na haipiti muda anaanza kukojoa, anakojoa tena na tena mpaka maranda aliyosimamia yanalowa chapachapa. Kwenye kijitabu cha mbio jina lake linawekewa herufi L ili wanaobeti wajue. Hakuna kificho. Doping, yaani kumpa farasi dawa haramu ili ashinde, ni ile ya matrena (wanaowafundisha farasi) Jason Servis na Jorge Navarro waliokamatwa Machi 2020, mmoja akafungwa miaka 4 na mwingine 5, maana vitu walivyokuwa wanawapa farasi vilitafutwa makusudi vipimo visivione.

Sasa kwa nini Lasix? Farasi akikimbia kwa nguvu zote moyo unafika mapigo kama 240 kwa dakika, presha ndani ya mapafu inapanda mpaka vile vishipa vyembamba kabisa vinapasuka na damu inavujia kwenye njia ya hewa. Na hapa watu wanajidanganya sana, wanadhani kama puani hakuna damu basi farasi mzima. Damu ya puani ni nadra. Daktari wa mifugo inabidi apitishe mrija mwembamba wenye kamera puani mpaka kwenye bomba la hewa, nusu saa au zaidi baada ya mbio, na hapo ndo anaona ule mstari mwekundu, na wakipimwa hivyo baada ya mbio moja tu nusu yao au zaidi wanakutwa na damu. Nusu! Na wewe pale uwanjani ulimwona anatembea vizuri tu.

Kuna wanaosema Lasix haisaidii kitu. Afrika Kusini, ambako siku ya mbio hairuhusiwi, watafiti walichukua farasi 167 wakawakimbiza mara mbili, mara moja na Lasix na mara nyingine na maji ya chumvi, matokeo yakatoka 2009: bila dawa walivuja damu zaidi, na kwenye uvujaji mkubwa tofauti ndo ilikuwa kubwa kabisa. Kwa hiyo inasaidia. Ila usikimbilie kusema haiongezi spidi, maana akikojoa maji yote yale anapungua kilo 10 hadi 15, na uchunguzi wa farasi zaidi ya 22,000 waliokimbia Marekani na Kanada 1997 ulikuta waliopewa walikuwa na kasi zaidi na walishinda zaidi, na karibu robo tatu ya wote walikuwa wamepewa. Hapo ndo roho inaniuma. Dawa ya mgonjwa ikishakuwa ya kila farasi, trena asiyempa wake anaona amewaachia wenzake kilo za bure, basi naye anachoma tu.

Ulaya je, si wao wasafi? Siku ya mbio ni marufuku, kweli, lakini Uingereza mazoezini Lasix inaruhusiwa, na hukohuko Uingereza, mji wa Newmarket, mwaka 2013 Mahmood Al Zarooni, trena wa Godolphin, kampuni ya farasi ya Sheikh Mohammed wa Dubai, alifungiwa miaka 8 kwa stiroidi walizokutwa nazo farasi 11.

Farasi anayechanganya wengi ni Medina Spirit. Derby ya 2021 aliyoshinda ilikimbiwa bila Lasix kabisa! Kilichokutwa kwenye damu yake ni betamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe ambayo kutibia ni halali ila siku ya mbio isionekane mwilini. Februari 2022 ushindi akapewa farasi mwingine, Mandaloun, lakini waliobeti kwamba Mandaloun atashinda hawakupata hata senti.

Na vifo. Uwanja wa mbio wa Santa Anita, California, farasi 30 walikufa msimu ulioishia Juni 2019 na watu wakasema ni madawa haramu. Ripoti ya 2020 iliyopitia vifo 23 haikukuta dawa haramu hata moja, ila 21 kati yao walikuwa tayari na tatizo kwenye sehemu ileile iliyokuja kuvunjika. Ndo maana mimi naogopa zaidi dawa halali za maumivu, zile zinazomfanya farasi mwenye ufa kwenye mfupa atembee kama mzima wakati anatakiwa kupumzika.

Sheria mpya ya taifa zima la Marekani ilipoanza kusimamia dawa Mei 2023 iliikataza Lasix siku ya mbio kwa farasi wa miaka miwili na kwenye mbio kubwa, zile nyingine majimbo yakaruhusiwa kuendelea huku utafiti unafanyika. Kwa hiyo farasi wa Derby ambaye dunia nzima inamtazama hachomwi, lakini yule wa mbio za zawadi ndogo siku ya kazi, jukwaa likiwa tupu, yeye akaachwa na sindano yake. Australia farasi akitoka damu puani mara ya kwanza anapumzishwa miezi mitatu, mara ya pili anafungiwa maisha. Huyu wetu wa mbio ndogo ningeomba apitishiwe ule mrija kila akimaliza kukimbia, na akikutwa na damu arudishwe malishoni, asichomwe tena sindano na kusubiriwa masaa manne mengine.