Kebo yenye shildi kwa mota ya inveta: dhana potofu na ukweli

"Shildi (tabaka la chuma, mara nyingi msuko wa shaba, linalozunguka nyaya za kebo) ifungwe ethi upande mmoja tu." Kanuni hiyo ni ya kebo za ishara, kama zile za senza za 4–20 mA. Kwenye kebo ya mota ni kosa. Inveta (kifaa kinachodhibiti kasi ya mota) haitoi wimbi laini la 50 Hz: inakatakata volti ya DC, takriban 565 V kwa umeme wa fezi tatu wa 400 V, mara elfu kadhaa kwa sekunde. Kila mkato husukuma mkondo wa masafa ya juu hadi kwenye bodi ya mota, na mkondo huo lazima urudi kwenye inveta. Shildi iliyofungwa pande zote mbili ndiyo njia yake fupi. Ukiiacha wazi, mkondo utajitafutia njia nyingine: beringi, mabomba ya pampu, hata nyaya za senza.

"Sokota shildi iwe mkia, ufunge kwenye skrubu ya ethi." Hapa ndipo kebo ya bei ghali hugeuka kuwa ya kawaida. Kwa masafa ya juu, mkia wa sentimita chache tu ni kizuizi kikubwa. Menya ganda la nje bila kukata msuko wa shaba, kisha bana msuko mzunguko mzima kwa klampu ya chuma juu ya bamba lisilo na rangi. Upande wa mota tumia glandi ya chuma inayoubana msuko pande zote. Kwangua rangi pale glandi inapokaa. Nyaya zinazotoka nje ya shildi ziwe fupi iwezekanavyo. Kama njiani kuna swichi ya kutenganisha, boksi lake liwe la chuma na shildi iendelee bila kukatika. Boksi la plastiki lisilo na bamba la kuunganisha shildi mbili huharibu kazi yote.

"SWA (kebo iliyozungushiwa waya za chuma) inatosha, si ina chuma?" Chuma cha SWA kimewekwa kuzuia kugongwa, na hakipitishi umeme vizuri kama shaba. Chagua msuko wa shaba, na kwa mota kubwa nyaya tatu za ethi zilizopangwa sawasawa kati ya fezi.

"Ikiwa na shildi, ilaze popote." Hapana. Acha nafasi kati yake na kebo za ishara (sentimita 30 ni mwanzo mzuri), na zinapolazimika kukutana zivukane kwa pembe ya 90°.

"Shildi inaondoa tatizo la kebo ndefu." Haiondoi. Mawimbi ya volti bado hurudi kutoka kwenye mota na kilele kinaweza kukaribia mara mbili, yaani zaidi ya 1,100 V. Dawa yake ni kufupisha kebo au kuweka filta kwenye inveta. Tena shildi huongeza kapasitansi (uwezo wa kebo kuhifadhi chaji), ndiyo maana inveta ndogo yenye kebo ndefu inaweza kutripu kwa mkondo mkubwa ilhali mota haina mzigo. Angalia kwenye mwongozo urefu unaoruhusiwa kwa kebo yenye shildi. Mara nyingi ni mfupi kuliko wa isiyo nayo.

Kabla ya kupima insulesheni kwa mega (kipimo kinachotumia volti za juu), chomoa kebo kwenye inveta. Volti za mega huua IGBT, yaani transista zinazokata umeme ndani ya inveta.