Fungate Barbados: dhana tulizokwenda nazo na ukweli tulioukuta

Tangu mimi na mume wangu turudi kutoka Barbados, rafiki zangu wanaokaribia kuolewa hunipigia simu na maswali yale yale. Mengi yamejengwa juu ya mambo yasiyo ya kweli, na siwalaumu, kwa sababu na mimi niliyaamini. Lakini baadhi yake yanaweza kumgharimu mtu fedha, ngozi yake, au hata uhai. Ndiyo maana nayaandika.

"Karibea ni Karibea, chagua kisiwa chochote"

Visiwa vya Karibea vina nchi huru 13, mbali na vile vilivyo chini ya Ufaransa, Uholanzi, Uingereza na Marekani. Cuba wanazungumza Kihispania, Haiti Kikrioli na Kifaransa, Aruba Kipapiamento. Kusema "tunakwenda Karibea" ni sawa na kusema unakwenda Afrika Mashariki bila kujua utashukia Lamu au Bujumbura.

Barbados yenyewe iko Atlantiki, imejitenga kama kilomita 160 mashariki ya safu ya visiwa vya jirani. Ni ndogo: urefu kilomita 34, upana 23, kiasi kwamba Pemba inaizidi zaidi ya mara mbili. Imekuwa jamhuri tangu tarehe 30 Novemba 2021. Magari yanapita kushoto kama kwetu, na maji ya bomba unakunywa bila wasiwasi, maana yamechujwa ardhini na mawe ya chokaa ya matumbawe. Tulitumia fedha nyingi kununua maji ya chupa siku mbili za kwanza kwa kutojua hilo.

"Mimi mtu wa pwani, bahari naijua"

Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote, na nilikuwa nayo mimi mwenyewe, mzaliwa wa Mombasa.

Sisi tumelelewa kuisoma bahari kwa kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua, maji yanapokuwa makubwa, bahari ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mtoto mdogo anajua saa ya kwenda mwambani na saa ya kurudi. Barbados tofauti ya maji kujaa na kupwa haifiki hata mita moja kwa kawaida. Unasimama ufukweni asubuhi, unarudi jioni, bahari iko pale pale. Elimu yako yote ya nyumbani haikusaidii, na ukidhani utulivu huo ni usalama umepotea.

Kisiwa kina bahari mbili. Upande wa magharibi, kuanzia Holetown hadi Paynes Bay, maji yamelala kama yako kwenye beseni, kwa sababu kisiwa chenyewe kinayakinga na upepo. Upande wa mashariki, Bathsheba, hakuna kinga. Upepo na mawimbi vimevuka Atlantiki yote kutoka upande wa Afrika bila kukutana na nchi kavu, vikafikia hapo na nguvu zao zote. Picha za Bathsheba, zile zenye majabali makubwa yaliyosimama majini, ndizo wachumba wengi huzipenda. Wapige picha tu. Wenyeji wenyewe hawaogelei hapo; nilichowaona wakifanya ni kuketi kwenye vidimbwi vilivyo katikati ya mawe, maji yakiwafika kifuani.

Hatari ni mkondo unaovuta kuelekea kilindini. Haukuzamishi, unakupeleka mbali, na anayekufa mara nyingi ni yule aliyepigana nao akitaka kurudi moja kwa moja ufukweni mpaka nguvu zikamwishia. Ukishikwa, ogelea ubavuni, sambamba na ufuo, mpaka uhisi umeachiwa, ndipo urudi. Bendera nyekundu ikiwa juu, usiingie majini. Tusibishane na bendera eti kwa sababu tumelipa nauli ya mbali.

"Kivuli cha mti hakimdhuru mtu"

Siku ya tatu tulikuwa ufuo wa magharibi, mvua ikashuka ghafla. Mume wangu alinyakua taulo, mimi nikashika viatu, tukakimbilia mti mmoja mzuri, majani yake mabichi yanang'aa. Chini yake kulikuwa na matunda madogo ya kijani kama tufaha changa, yananukia vizuri. Mara tukasikia sauti: "Tokeni hapo! Tokeni upesi!" Alikuwa mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akiuza madafu. Nilidhani anatufukuza karibu na biashara yake, nikakasirika. Akaja mwenyewe mvuani, akamshika mume wangu mkono, akamtoa chini ya mti, kisha akamwonyesha mstari mwekundu uliopakwa rangi kwenye shina. "Maji yanayodondoka kwenye majani hayo yatakuchoma, mwanangu," akamwambia.

Mti huo wanauita manchineel. Sehemu zake zote zina sumu. Utomvu wake ni mweupe kama wa mnyaa, ukigusa ngozi unatoa malengelenge, ukiingia machoni ni balaa, na mvua huuchukua kutoka kwenye majani ikakudondoshea wewe uliyejibanza. Tunda lake halionjwi hata kwa ncha ya ulimi. Kuni zake hazichomwi, moshi wake unaumiza macho. Nao unaota hapo hapo ufukweni, karibu na maji, mahali ambapo mtu anatafuta kivuli. Miti mingi imewekwa alama nyekundu au kibao, lakini si yote.

Mume wangu alikuwa amepata matone mawili matatu begani. Jioni yakatokea malengelenge madogo, kama ya mtu aliyerukiwa na mafuta ya kukaangia. Tuliosha kwa maji mengi, yakapoa baada ya siku chache. Yule mama tulimfuata kesho yake kumshukuru. Akatuuzia madafu, akakataa chenji tuliyomwachia.

"Ufukwe mzuri ni wa hoteli, na sisi hatuna fedha ya hoteli hiyo"

Barbados fukwe zote ni za umma. Hoteli inaweza kumiliki jengo, bustani na viti vya kulalia, lakini mchanga na bahari haviuzwi. Utakuta nyumba za kifahari zimepangana bega kwa bega ukadhani hakuna njia, kumbe kati ya kuta mbili kuna kijia chembamba chenye kibao kinachokupeleka baharini. Tuliteremka kwa vijia hivyo karibu kila siku, tukiwa na kanga yangu, chapati na chupa ya maji, tukatandika mbele ya hoteli ambayo usiku mmoja wake hatungeuweza. Hakuna aliyetuuliza. Ukitaka kiti utakikodi, usipotaka kaa chini.

Carlisle Bay, karibu kabisa na mji mkuu Bridgetown, ndiko nilikoona kasa akipita chini yangu nikiwa nimeelea na miwani ya kuogelea, na mbele kidogo mabaki ya meli zilizozama yamegeuka nyumba ya samaki. Usimguse kasa wala usimpe chakula, hata kama anayekupeleka kwa boti anakwambia ruksa. Ng'amba, aina ya kasa, huja kutaga kwenye fukwe hizo hizo, hasa kuanzia Mei hadi Oktoba, na taa za simu usiku huwapoteza watoto wao wanapotafuta bahari.

"Ukienda kati ya Juni na Novemba, kimbunga kitakukuta"

Msimu wa vimbunga ni kweli unaanza tarehe 1 Juni na kuisha 30 Novemba. Lakini Barbados iko mashariki na kusini ya njia ambayo vimbunga vingi hufuata, na vingi hupita kaskazini yake. Baada ya kimbunga Janet cha mwaka 1955, kisiwa hakikupigwa na kimbunga kamili mpaka Elsa, Julai 2021. Kilipopita Beryl upande wa kusini tarehe 1 Julai 2024, mawimbi yake yalivunjavunja mashua za wavuvi wa Bridgetown. Wavuvi waliumia sana.

Kwa hiyo sisemi hakuna hatari. Nasema miezi hiyo bei hushuka, na mwenye bima ya safari na tiketi inayobadilishika anaweza kwenda. Asiye na bima angoje Januari mpaka Aprili, kipindi cha ukavu, alipe zaidi.

"Ni kwa matajiri tu"

Ghali ni ghali, sitadanganya. Bidhaa nyingi zinaagizwa kutoka nje. Lakini sehemu kubwa ya gharama tunajitwika wenyewe kwa kujifungia ndani ya lango la hoteli.

Jambo la kwanza, uliza bei ni ya dola gani. Dola ya Barbados imefungwa kwa ya Marekani, mbili kwa moja, tangu 1975, na dukani zote mbili zinapokelewa. Anayesikia "ishirini" akatoa dola za Marekani bila kuuliza, amelipa maradufu. Pili, panda ZR. Hiyo ni matatu yao: gari jeupe lenye mstari wa rangi ya damu ya mzee, namba inayoanza na ZR, muziki juu, na makanga anayekubana ukae watu wanne palipo na nafasi ya watatu. Nauli dola 3.50 za Barbados, ushuke karibu ushuke mbali. Teksi kutoka hotelini inakula mara nyingi zaidi ya hapo.

Tatu, chakula. Ijumaa usiku watu wote huelekea Oistins, kijiji cha wavuvi upande wa kusini, kula samaki wa kuchoma. Lakini kilichonigusa mimi ni sahani ya mchana kwenye kibanda cha barabarani. Mume wangu aliifunua, akaitazama.

"Mke wangu, hii si sima?"

"Ni sima, ila wameitia bamia."

Wanaiita cou-cou. Bamia zinachemshwa kwanza, maji yake yenye mlenda ndiyo yanayopikiwa unga wa mahindi, mama anasonga kwa mwiko bapa wa mti mpaka uso unakuwa laini kabisa, kisha anafinyanga kwa bakuli lililopakwa siagi. Juu yake wanamwaga samaki wale wanaoruka juu ya maji, wamepikwa kwa nyanya, kitunguu na ndimu. Ndicho chakula cha taifa. Pembeni kuna shelisheli, mbaazi, muhogo. Mtu anayetoka pwani yetu akinunua mkate wa nyama wa uwanja wa ndege kwa kuogopa "chakula cha kigeni", amejinyima.

"Sisi weusi jua halituunguzi"

Linaunguza. Upepo wa bahari unakudanganya kwamba ni baridi. Nilibanduka ngozi ya pua na mabega kama mtu mwingine yeyote. Paka mafuta ya kukinga jua, vaa kofia.

"Huko kila mtu nusu uchi, hakuna heshima"

Kinyume chake. Nguo za kuogelea zinaishia ufukweni. Ukiingia nazo dukani utatazamwa vibaya, na kukaa kifua wazi kwa mwanamke hakuruhusiwi hata ufukweni. Nguo zenye madoa ya kijeshi ni marufuku kwa raia, hata kwa mtoto, kwa hiyo ile kaptura ya mumeo iache nyumbani. Na salamu! Anayeingia ndani ya gari anawaamkia waliomo wote. Ukianza na shida yako kabla ya salamu, unajibiwa kwa mkato. Nilijihisi niko nyumbani.

"Viza ndiyo kikwazo"

Pasipoti ya Kenya au ya Tanzania inaingia Barbados bila viza. Kikwazo kiko njiani, kwa sababu hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu. Ukipitia Uingereza au Marekani utahitaji viza ya kupita, hata kama hutoki nje ya uwanja. Iombe mapema kuliko unavyodhani, kabla ya kulipia tiketi isiyorudishwa. Beba pia kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano.

"Watu weusi wa huko walitokea kwetu, Zanzibar"

Nilimwambia hivyo kijana aliyetuuzia samaki, akanitazama kwa upole, akasema la. Waingereza waliingia 1627, na kuanzia miaka ya 1640 kisiwa kikageuzwa shamba la miwa. Watumwa waliolima miwa hiyo wengi walitoka Afrika Magharibi, pande za Ghana, Benin na Nigeria za leo. Baadhi waliletwa kutoka Madagaska. Uhuru kamili kutoka utumwani waliupata 1838.

Akatuelekeza Newton, parokia ya Christ Church (parokia kwao ni kama wilaya). Ni makaburi ya watumwa, wanakadiriwa kuwa 570 hivi. Wanaakiolojia waliochimba miaka ya 1970 walimkuta mzee mmoja amezikwa na mkufu wake: meno ya mbwa, mifupa ya samaki, ushanga wa kioo, na kauri, yale makombe madogo ya baharini. Kauri hizo ni za Bahari ya Hindi. Zilipelekwa na biashara hadi Afrika Magharibi, zikatumika kama fedha, zikavuka Atlantiki shingoni mwa mtu au mikononi mwake, zikazikwa naye hapo.

Mimi kauri nilizichezea utotoni, tukiziita kete. Nilisimama pale nikashindwa kusema kitu. Ni nyasi tu, na vilima vidogo vya udongo visivyozidi magoti, upepo wa mashariki unavuma. Mume wangu alivua kofia. Hatukupiga picha. Tulikaa mpaka kivuli chetu kikawa kirefu, kisha tukarudi barabarani kungoja ZR.