Je, wajua kwa nini amri ya "chukua vyote" huacha vitu nyuma?

Michezo ya matini, ambayo mchezaji huandika amri kama "nenda kaskazini" na kompyuta humjibu kwa maneno, ilianza Marekani katikati ya miaka ya 1970, pale Will Crowther alipotunga mchezo wa kutembea pangoni. Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ilitolewa mwaka 1991, na mchezo wa aina hii umekuwa zoezi linalompendeza anayeanza, kwa kuwa hauhitaji picha, intaneti wala kompyuta yenye nguvu. Karibu kila anayeufanya hufika mahali pamoja: sehemu ya kuokota vitu. Hapo hukutana na hitilafu ambayo, kwa maoni yangu, inafundisha kuliko sura nzima ya kitabu.

Tuseme mwanafunzi wa Kigoma ameamua mchezo wake uanzie mwaloni Kibirizi, ufukweni ambapo mitumbwi ya uvuvi hutia nanga, jioni, wavuvi wa dagaa wakijiandaa kuingia ziwani. Mchangani pana vitu vinne, na mchezaji akiandika "chukua vyote", vinatakiwa vihamie begini mwake:

    mwalo = ["karabai", "kasia", "wavu", "ndoo"]
    begi = []
    for kitu in mwalo:
        mwalo.remove(kitu)
        begi.append(kitu)

Msimbo huu (for huanzisha kitanzi, yaani mzunguko unaopitia vitu vya orodha kimoja kimoja; remove hukiondoa kitu, append hukiongeza mwishoni mwa orodha) unasomeka vizuri, nao hauleti ujumbe wowote wa kosa. Hata hivyo, ukikagua begi utakuta karabai na wavu tu; kasia na ndoo vimebaki mchangani. Ukiamuru tena "chukua vyote", kasia linaingia na ndoo inabaki. Mara ya tatu ndipo ndoo nayo inachukuliwa.

Maelezo yanayowajia watu kwanza ni kwamba remove imeshindwa kazi, na kwa sababu hiyo wengi huanza kukagua tahajia, herufi kubwa na ndogo, au nafasi tupu iliyojificha mwishoni mwa neno. Ukaguzi huo una maana yake mahali pengine, kwani "Kasia" na "kasia" kwa Python ni vitu viwili tofauti, lakini hapa hautasaidia, kwa sababu majina hayakuandikwa na mchezaji. Yametoka katika orodha ileile. Wengine hubadilisha mpangilio, append ikatangulia na remove ikafuata, na matokeo yakabaki yaleyale. Wapo pia wanaoamini kwamba kompyuta imechagua kwa bahati nasibu. Njia ya kuyapima mawazo haya yote kwa pamoja ni kuweka print(kitu, mwalo) kama mstari wa kwanza ndani ya kitanzi. Kitakachoonekana ni mistari miwili tu: wa kwanza unaanza na karabai, wa pili unaanza na wavu. Kasia halijaguswa kabisa. Kwa hiyo remove haina hatia: kila ilipoitwa ilitenda sawasawa, ila kwa kasia na ndoo haikuitwa.

Dhana yenyewe iliyopotoka imejificha katika neno for. Tunapoisoma "kwa kila kitu kilichopo mwaloni", tunadhani Python huvihesabu vitu vyote mwanzoni, ikavishika akilini, kisha ikavipitia. Haifanyi hivyo. Kwa orodha, kitanzi hushika jambo moja dogo tu, yaani namba ya nafasi iliyofikiwa, inayoanzia sifuri na kuongezeka kwa moja kila mzunguko. Kabla ya kila mzunguko Python huuliza: je, katika orodha hii, jinsi ilivyo sasa hivi, nafasi hiyo ina kitu? Ikiwa ina kitu, inakichukua; ikiwa haina, kitanzi kinaisha.

Fikiria benchi la zahanati ambapo wagonjwa wanne wamekaa kwa mpangilio, na kila mmoja akiinuka wengine husogea ili kuziba pengo. Karani anapita mbele ya benchi hilo, naye haangalii sura, anafuata nafasi. Anasimama mbele ya nafasi ya kwanza na kumwita aliyeketi pale. Yule anainuka, wote wanasogea, na aliyekuwa wa pili sasa amekaa nafasi ya kwanza. Karani anapiga hatua moja hadi nafasi ya pili, na anayemkuta hapo ni yule aliyekuwa wa tatu. Mgonjwa wa pili amerukwa bila mtu kumkataa, kwa sababu alisogea kuelekea upande ambao karani ameshaupita. Karani akifika nafasi ya tatu anakuta imeachwa wazi, maana waliobaki ni wawili tu, naye anahesabu kazi imekwisha. Orodha ya Python husogea hivyohivyo kila remove inapotoa kitu.

Hitilafu hii hudumu kwa muda mrefu bila kugunduliwa kwa sababu ukubwa wa jaribio huificha. Eneo likiwa na kitu kimoja, kila kitu huenda sawa. Vikiwa vitatu, cha kwanza na cha tatu huchukuliwa, na mtu akiona kile cha mwisho kimo begini huamini kwamba kitanzi kilifika mwisho bila kuruka.

Hali inayonishangaza zaidi hutokea pale mwandishi anapoweka sharti. Tuseme orodha ni karabai, nanga, kasia na wavu, na nanga ni nzito, hivyo mchezo unapaswa kuiacha na kutoa ujumbe "Nanga ni nzito mno." Baada ya amri, karabai na kasia vimo begini, nanga na wavu viko mchangani. Nanga imebaki, kama ilivyotakiwa. Lakini ujumbe wa uzito haukutokea, kwa sababu nanga haikupimwa, ilirukwa. Jibu limekuwa sahihi kwa sababu isiyo sahihi, na mtu anaweza kutumia jioni nzima akimtafuta mchawi kwenye wavu huku sharti la nanga akiliona zima.

Si kila muundo wa Python hunyamaza hivi. Kama vitu vimehifadhiwa katika dict, muundo unaohifadhi kila kitu chini ya jina lake, kufuta kimoja katikati ya kitanzi na kuendelea kuzunguka husimamisha programu kwa ujumbe wa kosa uitwao RuntimeError, kwa kuwa ukubwa umebadilika. Vilevile, anayezunguka kwa range(len(mwalo)), yaani kwa namba za nafasi, na kuchukua mwalo[i], kitu cha nafasi i, atapata IndexError, kosa la kutafuta nafasi isiyokuwepo, maana hapo hesabu ya vitu kweli imefungwa mwanzoni. Baadhi ya wanafunzi hukimbia kosa hilo kwa kuhamia kitanzi cha for kitu in mwalo, na ujumbe ukitoweka huona wamepona, kumbe wamebadilishana kosa linalosema na kosa lililo kimya.

Tiba ni kuzunguka juu ya nakala huku ukipunguza orodha halisi:

    for kitu in mwalo[:]:
        if kitu == "nanga":
            print("Nanga ni nzito mno.")
        else:
            mwalo.remove(kitu)
            begi.append(kitu)

Nukta pacha ndani ya mabano ya mraba hutengeneza orodha mpya yenye vitu vilevile. Hiyo haisogei, hivyo hakuna kinachorukwa. Pale ambapo hakuna sharti lolote, mistari miwili inatosha: begi.extend(mwalo), inayoongeza vitu vyote begini, kisha mwalo.clear(), inayoiacha orodha tupu, kwa mpangilio huo. Usijaribu kufupisha kwa kuandika begi = mwalo, kwani alama ya sawasawa hainakili orodha, inaipa jina la pili tu; clear ikifuata, mwalo na begi vyote vitakuwa vitupu, pamoja na vitu ambavyo mchezaji alikuwa amevibeba tangu awali.