Mrushaji Bora ni Yupi? Dhana Potofu Zinazowaponza Wachezaji wa Fantasi ya Besiboli

Anayetoka FPL (fantasi ya ligi kuu ya soka ya England) akaingia fantasi ya besiboli, ambako pia unachagua wachezaji halisi na kuhesabiwa takwimu zao, hapati taabu na wapigaji: mpira umevuka ukuta, pointi zimeingia. Taabu huanza kwa warushaji wa kuanza, wale wanaofungua mechi na kurusha iningi (vipindi vya mchezo, tisa kwa mechi) tano au sita kabla ya kupokewa na wenzao. Hapo imani za zamani zimejaa, nyingi zikiwa za enzi ambazo mrushaji alipimwa kwa ushindi na vipigo (mechi alizopoteza), basi. Nyingine ni mpya, zimezaliwa na wale wale waliozicheka za zamani, na kwa maoni yangu hizi ndizo zinazowala wajuaji.

Kwanza tuelewane. Ligi ya kawaida humhesabia mrushaji wa kuanza mambo manne: ushindi, straikauti (kumwondoa mpigaji bila mpira kupigwa uwanjani), ERA na WHIP. ERA ni wastani wa mikimbio (pointi za timu pinzani) anayobebeshwa kwa kila iningi tisa. WHIP ni idadi ya wapigaji aliowaruhusu kufika kituoni, kwa pigo salama au kwa kuwapa kituo cha bure (kwa kurusha mipira nje ya eneo la kupigia), ikigawanywa kwa iningi. Kipimo hiki cha pili alikibuni Daniel Okrent mwaka 1979, na mwaka uliofuata yeye na marafiki zake wa New York wakacheza msimu wa kwanza wa ligi iliyozaa fantasi hii tunayoicheza leo.

"Aliyeshinda mechi 20 ndiye wa kumchukua"

Ushindi wa mrushaji una kanuni ya ajabu. Ili aupate, mrushaji wa kuanza lazima arushe angalau iningi tano, aondoke timu yake ikiwa mbele, na watakaompokea wasiuachie uongozi huo hadi mwisho. Katika masharti hayo, ni lipi lililo mikononi mwake peke yake? Hata la kwanza hutegemea uvumilivu wa kocha. Ni kama kipa kupewa pointi kwa magoli ya washambuliaji wake.

Mtazame Rick Porcello wa Boston Red Sox. Mwaka 2016 alishinda mechi 22, akapoteza 4, akapewa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa ligi. Mwaka huo timu yake ilipata mikimbio 878, mingi kuliko timu yoyote ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Msimu uliofuata, akiwa na jezi ile ile, alishinda 11 na kupoteza 17. ERA nayo ilipanda kutoka 3.15 hadi 4.65, kwa hiyo hatuwezi kusema aliponzwa na wapigaji wenzake tu. Lakini aliyemnunua kwa bei ya ushindi 22 alilipia kitu ambacho Porcello hakuwahi kukimiliki.

Upande wa pili yupo Félix Hernández wa Seattle, 2010: ushindi 13, vipigo 12, ERA 2.27. Jacob deGrom wa New York Mets, 2018: ushindi 10, vipigo 9, ERA 1.70, straikauti 269. Paul Skenes wa Pittsburgh, 2025: ushindi 10, vipigo 10, ERA 1.97. Wote watatu walipewa Cy Young miaka hiyo.

Sasa kuna wanaosikia haya wakahitimisha kwamba ushindi haufai kitu. Hapana. Kama ligi yako inauhesabu, unaingia kwenye jedwali kama kitu kingine chochote. Ila usiulipie. Warushaji wawili wakilingana kwa mengine yote, mchague yule ambaye timu yake inapiga vizuri na kocha wake humwacha aingie iningi ya sita. Zaidi ya hapo unacheza kamari.

"ERA haidanganyi"

Haidanganyi kuhusu yaliyopita. Kuhusu yajayo, inadanganya sana.

Mwaka 2001 mtafiti mmoja wa takwimu, Voros McCracken, aliandika jambo lililowaudhi wengi: mpira ukishapigwa na kubaki ndani ya uwanja, mrushaji ana uwezo mdogo mno wa kuamua kama utadakwa au utaanguka salama. Kwa ligi nzima, takriban mipira mitatu kati ya kumi ya aina hiyo huwa mapigo salama, yaani mpigaji anafika kituoni. Mrushaji anayeonyesha miwili na nusu mwaka huu ana nafasi kubwa ya kusogea kuelekea mitatu mwaka ujao, na ERA yake itamfuata. Baadaye utafiti ulilegeza msimamo huo kidogo, kwa kuwa wapo wenye kipaji cha kupigwa mipira dhaifu, lakini kiini chake kimesimama.

Kutoka hapo ndipo ikaja FIP, kipimo kinachoangalia yale tu ambayo walinzi wa uwanja hawayagusi. Homurani (mpira uliopigwa ukavuka ukuta) hupewa uzito wa 13, vituo vya bure (pamoja na wapigaji waliogongwa na mpira) uzito wa 3, na straikauti hupunguza kwa uzito wa 2. Jumla hugawanywa kwa iningi, kisha huongezwa namba ya kuifananisha na ERA.

Spencer Strider wa Atlanta alimaliza 2023 na ERA 3.86. Ukiishia hapo utasema ni wa kati. Lakini alikuwa na straikauti 281, nyingi kuliko mtu yeyote mwaka huo, na FIP yake ilikuwa 2.85.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Corbin Burnes, kwa sababu hauko rahisi. Mwaka 2019, akiwa Milwaukee, ERA yake ilikuwa 8.82. Namba hiyo humtisha hata mama yake mzazi. Ndani ya iningi 49 alipigwa homurani 17. Lakini ndani ya iningi hizo hizo alipata straikauti 70 na kutoa vituo vya bure 20 tu. Mkono mbovu hauwezi kufanya hivyo. Sehemu yake ilikuwa bahati mbaya, kwani homurani huwa hazifululizi kwa kiwango kile. Sehemu nyingine ilikuwa kosa halisi: mpira wake wa kasi ulikwenda umenyooka, na wapigaji waliusubiri. Akauweka kando, akautegemea mpira wa kasi unaokata pembeni mwishoni, na 2020 ERA ikashuka hadi 2.11. Mwaka 2021 akachukua Cy Young. Aliyesoma ERA peke yake alimwacha bure sokoni, miongoni mwa wachezaji ambao hakuna aliyewachagua.

"Basi FIP ndiyo ukweli wenyewe"

Hii ndiyo dhana ya wajuaji. Wakishaijua FIP, kila mwenye ERA ndogo kuliko FIP wanamwita mwenye bahati na kumuuza mbio.

Kyle Hendricks wa Chicago Cubs aliwafundisha adabu. Mwaka 2016 ERA yake ilikuwa 2.13, ndogo kuliko zote ligi kuu, na FIP ikasema alistahili zaidi ya 3. Wakasema atashuka. Kweli hakurudia 2.13, lakini misimu yote kuanzia huo hadi 2020 ERA yake ilibaki chini ya FIP. Mtu huyu alirusha mpira wa kasi wa takriban kilomita 140 kwa saa, wakati wastani wa ligi leo ni karibu 151. Aliishi pembezoni mwa eneo la kupigia, wapigaji wakaugusa mpira kwa ncha ya gongo, na nyuma yake mwaka ule alikuwa na walinzi hodari kupita kiasi.

Kuna jambo jingine ambalo husahaulika kwenye mabishano haya: ligi yako hailipi FIP. Inalipa ERA ile iliyotokea, pamoja na walinzi, upepo na bahati. FIP ni ya kukisia mbele. Mrushaji wa kawaida mwenye walinzi wazuri nyuma yake anaweza kukufaa kuliko fundi aliyezungukwa na mikono inayoangusha mipira.

"Angalia straikauti kwa kila iningi tisa"

Chukua warushaji wawili. Wa kwanza anakutana na wapigaji watatu kila iningi na kumwondoa mmoja kwa straikauti. Wa pili anakutana na watano, kwa sababu wawili humfikia kituoni, naye anamwondoa mmoja. Kwa hesabu ya iningi tisa wote wana straikauti tisa, wamelingana. Kwa asilimia ya wapigaji, wa kwanza ana 33 na wa pili ana 20. Kipimo cha iningi kinamtuza mrushaji kwa kuchelewa kumaliza kazi.

Tumia asilimia. Kisha utoe asilimia ya vituo vya bure kutoka kwenye asilimia ya straikauti. Wastani wa ligi miaka ya karibuni ni kama 14. Anayefika 20 ni wa daraja la juu. Ningelazimishwa kubaki na namba moja tu siku ya kuchagua wachezaji, ningebaki na hiyo.

"Mwenye kasi ndiye hatari"

Kasi husaidia, lakini Hendricks tumeshamwona. Kasi ni muhimu zaidi mrushaji anapolinganishwa na yeye mwenyewe: aliyekuwa akirusha kilomita 153 mwaka jana na sasa anarusha 149, muulize daktari wake kabla ya kuiuliza ERA. Tangu 2015 viwanja vyote vya ligi kuu vina mitambo inayopima kila mpira, na namba hizo ziko wazi kwa yeyote mwenye intaneti.

"Ameanza vibaya, mtupe"

Aprili, msimu ukiwa ndio umeanza, ni mwezi wa hasira. Warushaji wana mechi nne au tano, ERA zinasoma 7 na 8, na kidole kinawasha.

Swali ni namba zipi zinaweza kuaminiwa mapema. Asilimia ya straikauti huanza kutulia baada ya wapigaji kama 70, yaani mechi tatu. Vituo vya bure huchelewa zaidi, karibu wapigaji 170. Ile sehemu ya mipira inayoanguka salama huhitaji mipira kama 2000, na mrushaji wa kuanza hupata takriban 500 kwa msimu mzima. Kwa hiyo anayekuambia mwishoni mwa Aprili kwamba fulani "anapigwa sana mwaka huu" anazungumzia kitu ambacho kingehitaji miaka minne kuthibitishwa.

Blake Snell alisaini San Francisco Giants mwezi Machi 2024, wenzake wakiwa wamekaribia kumaliza maandalizi. Baada ya mechi sita ERA yake ilikuwa 9.51, na katikati alikuwa ameumia. Tarehe 2 Agosti, mjini Cincinnati, alirusha mechi nzima bila kuruhusu pigo hata moja salama. Katika mechi zake 14 za mwisho ERA ilikuwa 1.23. Huyu pia alikuwa na sababu inayoeleweka ya kuanza vibaya, na hilo ni la kutafuta kila mara kabla ya kumwachia mwingine amchukue.

"Uwanja ni kisingizio"

Si kisingizio. Coors Field ya Denver iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi huurefusha mpira uliopigwa, na pia huupunguzia mpira unaopinda uwezo wake wa kupinda, kwa hiyo mrushaji anaumizwa mara mbili. Kule Seattle mambo ni kinyume: mikimbio ni adimu. Mrushaji wa kawaida anayecheza Seattle nyumbani nitamweka. Fundi anayekwenda Denver nitafikiri, na mara nyingi nitamkalisha benchi.

"Ubora kwanza, afya baadaye"

Mwaka 2021 deGrom alikuwa na ERA 1.08. Ilikuwa mechi 15, iningi 92, kisha Julai jeraha likamfungia mlango. Strider, yule wa straikauti 281, alicheza mechi mbili tu 2024 kabla ya kiwiko kumpeleka kwenye upasuaji. Na kazi yenyewe imepungua kwa wote: mwaka 2024 ni warushaji wanne tu walifikisha iningi 200.

Piga hesabu hii. Fundi anakupa iningi 90 kwa ERA 2.60, anaumia, unaziba pengo kwa mtu wa sokoni mwenye 4.50 kwa iningi 90 nyingine. Jumla umepata 3.55. Mrushaji asiyeimbwa na mtu, mwenye ERA 3.40 kwa iningi 180, amekupita, na pengine ulimpata kwa robo ya bei. Lakini ligi yako ikiwa ndogo, yenye timu nane tuseme, soko lina watu wazuri zaidi ya yule wa 4.50, na hapo fundi dhaifu wa afya anaanza kulipa.

"Ana mechi mbili wiki hii, mweke"

Inategemea ligi inahesabu nini. Kwenye ligi za pointi, mechi mbili za wastani mara nyingi hushinda moja nzuri, kwa sababu kila iningi na kila straikauti ina malipo yake. Kwenye ligi za ERA na WHIP, mrushaji mbovu akicheza mara mbili amekuharibia mara mbili, na straikauti kumi alizoleta hazifidii.

Zipo pia ligi zilizoacha ushindi na kuhesabu mwanzo bora: iningi sita au zaidi, mikimbio ya kubebeshwa mitatu au pungufu, kipimo alichokipendekeza mwandishi wa habari John Lowe mwaka 1985. Huko kuna kundi la warushaji wasio na thamani kabisa ambao kwenye ligi za ushindi ni dhahabu. Mei 2018 Tampa Bay Rays walianza kumtumia mtu wa iningi moja kufungua mechi, kisha mrushaji wa kazi ndefu akaingia baada yake. Kwa kuwa huyo wa pili hakuanza, sharti la iningi tano halimbani, na kwa kuwa hakuanza, mwanzo bora hawezi kuupata. Ryan Yarbrough alimaliza msimu huo akiwa na ushindi 16, na alianza mechi sita tu.