Miastechka: mji uliozaliwa na gulio

Nchini Belarus, kati ya kijiji na mji kuna kitu cha tatu: miastechka. Ukitafsiri utapata "mji mdogo", lakini udogo si hoja. Kilichoitofautisha na kijiji ni kibali cha gulio. Kabaila mwenye ardhi alipewa ruhusa, ukatengwa uwanja katikati, na siku ya gulio wakulima wakaja na nafaka na mifugo, wakarudi na chumvi, viatu na majembe. Kwa hiyo huwezi kuisimulia historia ya miastechka ukaviacha vijiji vya wilaya yake, maana ndivyo vilivyoilisha. Mafundi na wachuuzi wengi walikuwa Wayahudi, nao kwa lugha yao ya Kiyidi waliiita shtetl.

Chukua Mir, katika wilaya ya Karelichy. Wageni huifuata ngome yake ya matofali mekundu, iliyoanza kujengwa miaka ya 1520, ikaangukia mikononi mwa ukoo wa makabaila wa Radziwiłł mwaka 1568, na tangu 2000 imo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Ngome ni nzuri kweli. Ila mimi naona historia ya watu iko uwanjani: huku kanisa la Kiorthodoksi, kule la Kikatoliki, kando majengo ya masinagogi. Watatari Waislamu nao walikuwa na msikiti wao. Chuo cha dini cha Wayahudi wa Mir kilijulikana mbali; Vita vya Pili vya Dunia vilipowafukuza, wanafunzi wake walifika hadi Shanghai, na leo chuo kipo Jerusalem, bado kikiitwa Mir.

Tarehe 9 Novemba 1941, Wanazi na polisi wa pale pale waliwaua Wayahudi wapatao 1,500. Walionusurika wakafungiwa ngomeni. Agosti 1942 Oswald Rufeisen, Myahudi aliyeficha asili yake na kufanya kazi ya ukalimani polisi, aliwatonya kuwa zamu yao imefika. Takriban 200 walitorokea misituni. Waliobaki waliuawa siku chache baadaye.

Chini ya Wasovieti Mir ilikuwa makao makuu ya wilaya, hadi wilaya hiyo ilipofutwa mwaka 1956. Kiserikali leo ni "makazi ya aina ya mji", daraja lililo kati ya kijiji na mji. Uwanja wake unaitwa Uwanja wa 17 Septemba, siku jeshi la Kisovieti lilipovuka mpaka wa Poland, iliyoitawala Mir wakati huo, mwaka 1939.