Kabla ya kumwambia mtoto "furahi"

Jumapili moja, miaka kadhaa iliyopita, nilimwambia mtoto wa miaka saba atabasamu, naye akatabasamu. Tabasamu lile sijalisahau.

Bibi yake, aliyemlea tangu akiwa mchanga, alikuwa amezikwa Alhamisi ya wiki ileile. Nililijua hilo, maana msibani nilikuwepo. Lakini darasa lilikuwa limejaa, watoto wanaruka na kupiga makofi, na ubaoni nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa: FURAHA. Yeye alikuwa amekaa mwisho wa mkeka, mgongo ukutani, akichezea uzi uliofumuka kwenye pindo la gauni. Nikamwinamia nikamwambia, "Mtoto wa Yesu hanuni." Akainua uso, akavuta midomo, akaonyesha meno. Macho yakabaki vilevile. Kisha akaanza kupiga makofi kama wenzake.

Nafundisha shule ya Jumapili katika usharika wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), na siku hizi naitwa pia kuwaandaa walimu wapya. Tukifika kwenye somo la furaha huwa naanza na kisa hiki, kwa sababu kosa lile nililifanya nikiwa na mistari yote ya Biblia kichwani. Mtoto alitoka darasani akiwa amejifunza kwamba nyumbani mwa Mungu huzuni inafichwa. Hilo sikuliandaa, lakini ndilo lililofundishika.

Biblia haifundishi hivyo. Kwenye kaburi la Lazaro, Yesu alilia machozi, na alikuwa anajua kabisa anakwenda kumfufua. Zaburi ya 13 ina mistari sita tu. Inaanza kwa kumuuliza Mungu mpaka lini ataendelea kumsahau mwimbaji, na inamalizika kwa moyo kufurahia wokovu na kumwimbia Bwana. Sisi walimu tuna tabia ya kuchomoa mstari wa mwisho na kumpa mtoto akariri. Mpeni zaburi nzima. Mtoto wa miaka minane anaweza kabisa kuelewa kwamba kuna mtu alimlalamikia Mungu na Mungu hakumfukuza.

Watoto wenyewe nikiwauliza furaha ni nini, wanataja soda, nguo mpya ya Krismasi, shule kufungwa, timu yao kushinda. Zamani nilikuwa nakimbilia kuwasahihisha: hiyo ni raha, furaha ni kitu kingine, raha ni ya dunia. Nimeacha. Katika Mathayo 11 Yesu mwenyewe anawaahidi waliolemewa kwamba watapata raha nafsini mwao, kwa hiyo neno hilo halina kosa lolote. Tena mtoto akiambiwa kwamba soda yake baridi haimpendezi Mungu, atakachojifunza ni kwamba Mungu hapendi vitu vizuri. Siku hizi nawaambia: hiyo soda mshukuru Mungu kwa ajili yake. Halafu nauliza, soda ikiisha, je? Hapo darasa linakuwa kimya, na somo linaanza.

Mstari unaopendwa zaidi kwenye somo hili ni Wafilipi 4:4, "Furahini katika Bwana sikuzote." Watoto wanausema kwa sauti moja, na uzito wote wanauweka kwenye "furahini". Mimi nawasimamisha kwenye "katika Bwana". Paulo aliandika barua ile akiwa kifungoni, akiwaandikia watu wa Filipi, mji ambao kabla ya hapo yeye na Sila walichapwa bakora hadharani, wakatiwa chumba cha ndani cha gereza, miguu imebanwa kwenye mkatale, yaani mbao za kufungia miguu ya wafungwa. Neno mkatale watoto wengi hawalijui. Nawakalisha wawili chini, miguu imenyooka, nawaambia wasiisogeze mpaka nimalize kusimulia. Dakika mbili tu wanaanza kulalamika. Ndipo nawaambia kwamba usiku wa manane wale wawili walikuwa wakiomba na kuimba, na wafungwa wengine wakiwasikiliza. Mgongo bado unauma. Mtoto anahitaji kusikia kwamba maumivu na wimbo vilikuwa pamoja ndani ya chumba kimoja.

Lakini kama ningeruhusiwa kufundisha somo moja tu la furaha kwa mwaka, ningechagua Luka 15, na katika sura hiyo ningechukua kisa kinachorukwa kila mara, kile kilichobanwa katikati ya kondoo na mwana mpotevu. Mwanamke ana shilingi kumi, moja imepotea.

Biblia yetu ya Kiswahili inasema shilingi, na watoto wanacheka, maana shilingi moja hainunui hata pipi. Nawaeleza kwamba pesa yenyewe ilikuwa drakma, karibu sawa na ujira wa kibarua wa siku nzima. Nawauliza: mama akipoteza hela ya kibarua cha siku nzima, nyumbani kunakuwaje? Hapo hakuna anayecheka. Wanajua.

Kisha tunafanya. Nakuja na sarafu kumi za shilingi mia, tochi moja na fagio la chelewa. Sarafu tunazihesabu pamoja kwa sauti. Watoto wanafumba macho, naficha moja, tunafunga madirisha. Wanahesabu tena: tisa. Mmoja anashika tochi, mwingine anafagia, wengine wanainua pembe za mkeka na kupapasa chini ya mabenchi. Usiwasaidie. Usiifiche mahali rahisi pia, maana ikipatikana kwa dakika moja hakuna kitakachotokea mioyoni mwao. Waache watafute mpaka mmoja aseme, "Mwalimu, umeibakiza mfukoni." Waache wachoke kidogo. Mara ya mwisho tulipofanya, ilikuwa nyuma ya mguu wa benchi karibu na mlango, na aliyeiona ni mtoto ambaye kwa kawaida hafungui mdomo darasani. Alipiga kelele mpaka mzee wa kanisa akaja kuchungulia kuna nini. Wote wakarukaruka, hata wale ambao dakika moja kabla walikuwa wanagombania tochi.

Hapo ndipo nawakalisha na kusoma: yule mwanamke akawaita rafiki na jirani zake, akawaambia wafurahi pamoja naye. Na Yesu akasema kuna furaha namna hiyo mbele ya malaika wa Mungu kwa ajili ya mwenye dhambi mmoja atubuye. Mmoja! Watoto huwa wanadhani furaha ya Kikristo ni sura wanayotakiwa kumwonyesha Mungu, kama vile siku ya Mikaeli na Watoto, sikukuu ya watoto kanisani, wanapopangwa mbele ya usharika na kuhimizwa wachangamke. Luka 15 inaanzia upande mwingine: mwenye kufurahi kwanza ni Mungu, na anayefurahiwa ni wewe. Mtoto aliyelielewa hilo anaweza kukaa mwisho wa mkeka akilia, na furaha ile ikaendelea kuwa yake.

Wazazi mnaoniuliza mfanye nini nyumbani, jibu langu ni fupi. Jioni kabla ya sala, muulize mtoto leo kimemuuma nini, kisha kimemfurahisha nini. Kwa mpangilio huo. La kwanza usilitibu haraka, liombeeni kama lilivyo. Na usimlazimishe la pili likiwa halipo. Kuna siku halipo. Mtoto mdogo wa chekechea atakujibu kwamba mbu amemuuma, na hilo nalo liombeeni.

Siku ile ya sarafu, tulipokuwa tunafungua madirisha, mtoto mmoja wa miaka sita aliniuliza, "Mwalimu, shilingi yenyewe ilikuwa inajua kama imepotea?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikaligeuzia darasa. Wakabishana: kondoo anajua, kwa sababu analia, yule mwana alijua, alipoona njaa. Shilingi je? Mvulana mmoja, fagio bado mkononi, akafikiri kidogo.

"Haikujua," akasema. "Ila mama mwenyewe alijua."