Bata bukini: hiyo "bukini" maana yake nini?

Watu wengi wanadhani bukini ni mlio wake tu, ile kelele anayopiga akikuona unaingia getini afu anaanza kukufukuza kanyoosha shingo. Hapana aisee. Bukini ni mahali. Wazee wa pwani walikuwa wanaiita Madagaska Buki au Bukini, na watu wa huko Wabuki, kwa hiyo bata bukini ni bata wa Madagaska, basi, kama tunavyosema mchele wa Mbeya.

Siku hizi wengi wetu jina hilo tunalisikia kwa huyu bata tu, lakini nenda Mayotte, kisiwa kilicho karibu na Komoro, kuna vijiji wanaongea Kimalagasi na lugha yao inaitwa Kibushi. Neno ni lilelile, ki imegeuka shi.

Neno bata lenyewe ni la Kiarabu, batt, na mmoja wao ni batta.

Sasa usije ukadhani kwao kweli ni Madagaska. Bata bukini wa kufugwa asili yao ni ndege wa mwituni wa Ulaya na Asia, Bukini walipelekwa tu kama walivyoletwa kwetu, ila mi naona watu wa pwani walimpa jina la kule walikoona anatokea, nani angekaa kuuliza mababu zake.

Na sio sisi tu. Bata mzinga Waingereza wanamwita kwa jina la Uturuki, Wafaransa jina lao limetoka kwenye "kuku wa India", Wareno wanamwita Peru, Wamisri wanasema diki rumi yaani jogoo wa Rumi, na wote wamekosa maana kwao ni Amerika ya Kaskazini, Meksiko na hapo juu yake! Sisi tukamwita mzinga tukaachana na mambo ya pasipoti. Hata yule bata wa kawaida wa uani mwenye nyama nyekundu usoni, Waingereza wamempachika jina la Moscow ya zamani wakati katokea Amerika ya Kati na Kusini huko kwenye joto.

Halafu kuna wanaouliza viatu vya Bata, maana nembo haina hata unyoya. Vile ni jina la ukoo, Mcheki Tomáš Baťa na ndugu zake walianza kushona viatu mji wa Zlín mwaka 1894, bata wetu hahusiki kabisa.